Ni kweli Norwei wanakulipa usome?

Mdogo wangu, umeniuliza kutoka kambi ya Nyarugusu kama ni kweli huku Norwei serikali humlipa mkimbizi akae darasani. Ni kweli. Mwaka 2024 posho ilikuwa kama krona 248,000 kwa mwaka, kabla ya kodi. Usianze kuzidisha kwa shilingi. Ukitoa kodi ya serikali, kodi ya nyumba na umeme wa baridi, kinachobaki ni cha unga. Na ukikosa kipindi bila sababu, wanakata.

Nilipofika 2016 nilipewa miaka 2 ya mpango huo wa masomo ya wakimbizi wapya. Kilichonifaa mapema ni saa 50 za somo la jamii (siku hizi ni 75), tena kwa Kiswahili. Mwalimu alikuwa mtu wa Mombasa. Sisi wa Uvira, Kongo, tukiuliza swali, anaomba turudie. Lakini bila yeye ningekuwa natia sahihi barua nisizozielewa.

Kinorwei ndicho kilichonitoa jasho. Darasani "mimi" ni "jeg". Natoka nje, mji mzima unasema "æ". Aliyenizoesha hiyo "æ" ni bibi mmoja kwenye nyumba ya wazee nilikopelekwa mazoezi ya kazi. Miezi 6 nilikunja shuka pale bila mshahara wao hata senti, naambiwa "tutaona". Nilipomaliza, akaletwa mwanafunzi mwingine kukunja shuka zilezile.

Serikali nayo ina kipimo chake: mwaka mmoja baada ya mpango, je, mtu yuko kazini au shuleni? Lengo ni 70 katika kila 100. Basi mimi, na saa zangu 6 kwa wiki za kusafisha ofisi usiku, nilihesabiwa sawa na dereva wa basi mwenye kazi kamili. Wanawake hubaki nyuma ya wanaume. Shemeji yako alijifungua katikati ya mpango, muulize yeye.

Linalokuhusu wewe ni sheria iliyoanza 2021. Asiyesoma sana hupewa mpango wa miaka 2 hadi 3, na yaweza kufika 4. Hilo nalisifu, maana mama mkubwa alifika hajawahi kushika kalamu. Ila mwenye diploma ya sekondari kama wewe huwekewa miezi 3 hadi 6, na hata ikiongezwa haivuki 12. Diploma yako ni ya Kifaransa, na bosi wa huku haulizi kwa Kifaransa. Usingoje ndege. Anza Kinorwei humo humo kambini kwa simu yako, bando nitakuwekea.