Penneshaw: panga haya kabla ya kupanda kivuko

Wageni wengi wa Kisiwa cha Kangaroo, Australia Kusini, wakishashuka Penneshaw hukanyaga mafuta moja kwa moja kwenda magharibi. Wanajinyima. Rasi ya Dudley, ambako kimji hiki kipo, inastahili siku mbili nzima, ila ukiipanga kwa kuhesabu kilomita za kwenye ramani utaumbuka.

Kivuko hutoka Cape Jervis, upande wa bara, na safari ni kama dakika 45. Wakati wa likizo nafasi za magari ndizo huisha kwanza, kwa hiyo wahi kulipia yako. Mlango wa bahari wa Backstairs una mikondo mikali. Upepo ukichachamaa, safari huahirishwa. Usikate tiketi ya ndege ya kutoka Adelaide kwa siku ileile ya kuvuka kurudi. Kama gari ni la kukodi, soma mkataba: wakodishaji wengine hawaruhusu livushwe, wengine wanaruhusu lakini bima inakoma lami inapokoma.

Asali iache bara, hata kichupa cha kifungua kinywa. Kisiwa kimekuwa hifadhi ya nyuki wa Liguria (aina ya nyuki wa asili ya Italia) kisheria tangu 1885, na asali ya nje inaweza kubeba magonjwa ya nyuki. Vifaa vya ufugaji vilivyokwisha kutumika navyo ni marufuku. Kwangua pia udongo kwenye soli za viatu, maana kuna vimelea vya kuozesha mizizi vinavyohamia msitu mwingine kwa tope tu.

Sasa barabara, na hapa ndipo watu huharibikiwa. Kwenda mnara wa taa wa Cape Willoughby, uliojengwa 1852, ni kama kilomita 27, sehemu kubwa changarawe. Kokoto zake huviringika chini ya tairi. Punguza mwendo kabla ya kona. Ukishika breki katikati ya kona, gari litaserereka. Kilomita 60 kwa saa zinatosha, hata kama nyuma kuna mwenyeji mwenye haraka (mpishe apite). Walabi (mnyama kama kangaruu mdogo) akikurukia mbele, funga breki usukani ukiwa umenyooka, kwani ajali mbaya hutokea dereva anapomkwepa. Wanyama hawa hutoka kwa wingi machweo na alfajiri, hivyo nenda asubuhi na urudi jua lingali juu.

Mafuta jaza Penneshaw, na ramani ipakue ukiwa hapohapo: mbele mtandao wa simu hukatikakatika.