Kukesha na vitabu, ulimi wa mafua na huzuni ya mwaka: majibu ya maswali yenu

Nakesha nikisoma kabla ya mtihani. Asubuhi nakumbuka, wiki ikiisha kichwa kitupu. Je, mimi ni mzito wa akili?

Hapana, na tafadhali usijiite hivyo tena. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijifanyia majaribio mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, na mwaka 1885 akachapisha alichokiona: sehemu kubwa ya tulichokariri hutoweka katika saa za mwanzo, kisha kasi ya kusahau hupungua. Aliona pia kuwa marudio yaliyotawanywa katika siku kadhaa huzaa matunda kuliko yaliyorundikwa siku moja. Basi zile saa 4 za usiku mmoja zigawe, saa moja kila siku kwa siku 4.

Lipo jambo la pili, na naamini ndilo linalowaangusha wanafunzi wengi. Ukisoma ukurasa uleule mara kwa mara unauzoea, ukadhani umeuelewa. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwalinganisha wanafunzi waliosoma tena na tena na wale walioweka maandishi kando wakajaribu kukumbuka. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma waliongoza. Baada ya wiki, waliojijaribu ndio waliokumbuka zaidi. Kwa hiyo funga daftari, andika kila unachokumbuka, ndipo ufungue uone mapengo. Itakukera, hasa mwanzoni, lakini kule kuhangaika kukumbuka ndiko kunakokaza somo kichwani.

Nikiwa na mafua chakula hakina ladha kabisa. Ulimi unaharibika?

Ulimi wako ni mzima. Wenyewe hutambua utamu, chumvi, uchachu, uchungu na ule ukolezo wa mchuzi wa nyama, basi. Mengine tunayoyaita ladha ni harufu inayopanda puani kupitia nyuma ya koo, na mafua yameziba njia hiyo.

Pilipili ikiniwasha nakunywa maji, wala hayasaidii. Kwa nini?

Kapsaisini, kiini cha ukali wa pilipili, haiyeyuki vizuri kwenye maji, kwa hiyo maji huisambaza tu mdomoni. Kunywa maziwa. Kinachonishangaza mimi ni kwamba hakuna kinachoungua: kapsaisini huamsha kipokezi kilekile cha neva, yaani kile kidude kinachopokea ishara, kinachoshtuliwa na joto la kama nyuzi 43. David Julius na wenzake walikitambua mwaka 1997, na mwaka 2021 akawa mmoja wa wawili waliopewa Tuzo ya Nobel ya tiba.

Baba alifariki mwaka jana. Ndugu wanasema inatosha sasa. Nimesoma kuhusu hatua tano za huzuni, naona nimebaki nyuma. Nifanyeje?

Pole sana. Hatua hizo, yaani kukataa, hasira, kusihi, unyonge na kukubali, daktari wa magonjwa ya akili Elisabeth Kübler-Ross aliziandika mwaka 1969 baada ya kuzungumza na wagonjwa waliokaribia kufa. Hakuwa akiwapangia wafiwa ratiba. Ni watu wa baadaye waliozigeuza ngazi ya kupanda, na naona wamewatwisha wafiwa mzigo usio wao. Unaweza kucheka mchana kutwa, jioni ukasikia sauti inayofanana na yake ukalia upya. Hapo hujarudi nyuma hata kidogo.

Ninachokuomba ujiangalie ni hiki: unakula? Unalala? Shughuli zako zinakwenda? Ikiwa hayo yamekushinda, au unatamani kufa, usingoje. Mweleze mtu wa karibu na umwone daktari au mshauri leo hii. Kama sivyo, waambie ndugu zako kwamba huhitaji kuhimizwa kusahau, unahitaji watu wa kukaa nao mkamzungumza baba. Wengi hukwepa kumtaja marehemu wakidhani wanakupunguzia uchungu, kumbe ukimya huo nao unauma. Anza wewe: wasimulie jambo moja alilopenda kufanya, kisha wape nafasi waongeze yao.