"Dawa ya kukoma hedhi" hufanya nini?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni muuguzi hapa Mwanza. Nilipowaeleza akina mama habari za utafiti wa mitishamba ya Kichina, niliuita "majaribu ya dawa ya kukoma hedhi". Muuza dagaa mmoja wa Mwaloni, Kirumba, akaniuliza kwa nini mtu anywe dawa ya kumfunga hedhi. Nilikosea wapi?

Jibu: Marahaba. Mama huyo alisikia sawasawa. A-unganifu, yaani ile "ya" inayofuata neno "dawa", haina mwelekeo mmoja: dawa ya minyoo huwaondoa minyoo, dawa ya usingizi huuleta usingizi, na dawa ya meno huyasafisha tu. Tunaelewana kwa mazoea. Hata "dawa ya kuhara" haitutatizi sana, kwa kuwa kila mtu anajua kwamba kuhara ni maradhi yanayotakiwa yakome. Lakini kukoma hedhi si maradhi, ni hatua ya umri, kwa hiyo msikilizaji hukosa cha kuponywa na kudhani kwamba kukoma huko ndiko kunakoletwa na dawa. Sema "dawa ya kupunguza dalili za ukomo wa hedhi", na ukiwa na nafasi zitaje dalili zenyewe, kwa maana joto linalopanda ghafla kutoka kifuani hadi usoni, au jasho linalolowesha shuka usiku, mama wa sokoni analijua bila kufasiriwa.

"Majaribu" nalo liache. Hayo ni misukosuko na vishawishi, yale tunayoomba tuepushwe nayo. Dawa hufanyiwa majaribio. Wala usiseme wanawake "wanajaribiwa", kwa sababu kinachojaribiwa ni dawa, nao wanashiriki kwa hiari yao.

Jina la dawa pia linataka uangalifu. Katika utafiti wa California uliochapishwa mwaka 1997, wanawake 71 waliokwisha kukoma hedhi walipewa kwa wiki 24 ama mzizi uitwao dang gui, ama vidonge visivyo na dawa ndani, na mzizi huo haukuvishinda vidonge hivyo. Waganga wa Kichina kwa kawaida huuchanganya na mimea mingine, ilhali hapo ulitolewa peke yake. Anayesema "mitishamba ya Kichina ilijaribiwa" amekwisha kupanua matokeo kupita kiasi. Mimi ningeandika hivi: "Watafiti walichunguza kama mzizi wa dang gui, ukitumiwa peke yake, unapunguza joto la ghafla kwa wanawake waliokoma hedhi."