Ukungu wa nyuma ya picha haufichi kitu, soma kabla ya Jumamosi

Mkuu, hebu simama kwanza. Umesema Jumamosi unapiga picha harusi ya dada yako kwa lenzi ya 50 mm, utaifungua mpaka f/1.8, yaani tundu la mwanga wazi sana, nyuma kote kuwe ukungu, bi harusi akae kwenye mstari wa theluthi (ile inayogawa picha sehemu tatu sawa), na jicho la mtazamaji "litaenda lenyewe". Hilo la "litaenda lenyewe" ndilo lililoniponza.

Nilimpiga picha binamu yangu hivyo hivyo siku ya harusi yake. Theluthi imekaa sawasawa, kope unazihesabu moja moja. Nyuma yake ukutani palikuwa na mtungi wa kuzimia moto, mwekundu, taa inaupiga ubavuni. Kwenye skrini ya kamera sikuuona kabisa. Nikaichapisha sentimita 60 kwa 90, nikaitia fremu, kwa hela yangu, eti zawadi. Siku ya kuifunua, mama mkwe wake akasogea karibu akauliza: "Hicho chekundu ni nini?" Mpaka leo kwao inaitwa picha ya mtungi. Bwana harusi naye yumo, ila sijasikia mtu akimtaja.

Ukungu unafuta kingo za kitu tu. Rangi inabaki, mwanga unabaki, na doa lenyewe linatanuka. Gauni jeupe, shela nyeupe, ukuta mweupe, halafu doa moja jekundu: wewe ungetazama wapi?

Na yule mwalimu wa video aliyenila hela ya kozi, "fungua lenzi, kazi imekwisha", nilirudi kumtazama upya. Mifano yake yote kaipiga mbele ya ukuta mtupu! Ukuta mtupu hata mimi ni bingwa.

Kwa hiyo kabla hujabonyeza, fumba macho nusu mpaka sura zipotee yabaki madoa. Doa linalokukamata kwanza ndilo picha yako. Kama si uso wa dada yako, usibonyeze, sogea. Mimi hatua moja kushoto ingetosha mtungi ujifiche nyuma ya shela. Tena picha tatu mbele nilisogea kwa bahati na mtungi haupo, ila hapo binamu kafumba macho.

Dirisha linawaka nyuma ya keki? Fumba macho nusu. Mjomba kaja na shati la njano? Mhamishe mjomba.