Hewa ya AC inahamia kioo cha mbele nikipanda mlima

SWALI: Nina Mercedes 280SE ya 1984, ya petroli. Kwenye foleni ya Mombasa Road AC inanipuliza usoni vizuri. Nikipanda mlima kutoka Mai Mahiu, hewa yote inahamia kioo cha mbele, ingawa bado ni baridi. Nikilegeza mguu inarudi. Fundi alipima vakyumu (nguvu ya kufyonza hewa) ya injini akapata inchi 14 za zebaki, akasema pete za pistoni zimekwisha na kompresa ibadilishwe. Nifanyeje? Msomaji, South B.

JIBU: Ndugu, usitoe pesa bado. Kazi ya kompresa ni kuleta baridi, na baridi umesema ipo. Kuielekeza hewa ni kazi ya milango midogo iliyo ndani ya dashibodi, inayovutwa na vikopo vya vakyumu vyenye kiwambo cha mpira. Vakyumu ikikosekana, milango hurudi upande wa kioo. Imepangwa hivyo makusudi, dereva asikose kuona mbele.

Sasa hiyo inchi 14. Injini nzima husoma inchi 18 hadi 20 kwenye usawa wa bahari. Nairobi iko kama mita 1,700 juu, na geji hupoteza takriban inchi moja kwa kila mita 300. Gari linalosoma 19 au 20 Mombasa, hapa litasoma 14 hivi. Kama sindano ilitulia bila kutikisika, hakuna ushahidi wowote dhidi ya injini yako. Pete hupimwa kwa geji ya kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda. Inaniuma sana kuona injini ikifunguliwa kwa sababu ya namba ambayo haikusahihishwa kwa mwinuko wa mji wetu.

Dalili yako inaeleza mengi. Ukikanyaga mafuta mlimani, vakyumu ya manifoldi (njia ya kuingiza hewa kwenye injini) hushuka karibu na sufuri. Wakati huo mfumo hutegemea ile iliyohifadhiwa, ikizuiwa isitoroke na valvu ya njia moja. Kikopo kilichopasuka kabisa kisingevuta hata kwenye foleni. Kwa hiyo ninashuku valvu hiyo kwanza, halafu uvujaji mdogo.

Chomoa valvu kwenye paipu inayotoka kwenye manifoldi kwenda dashibodi. Ipulize kwa mdomo: kuelekea injini hewa ipite, kuelekea dashibodi isipite hata kidogo. Ikipita pande zote, umepata mgonjwa.

Ikiwa nzima, tafuta pampu ya mkono ya vakyumu yenye geji. Piga picha kwanza, kwa sababu paipu hutofautishwa kwa rangi na ukizichanganya utateseka. Vuta kila laini hadi inchi 10, subiri dakika moja. Sindano ikishuka, anza na viungio vya mpira: vikizeeka hukauka na kulegea mdomoni. Weka vipya; gundi haidumu kwenye mpira uliokauka. Na mtu asikupulizie kompresa ya upepo kwenye laini hizo, itapasua viwambo vilivyo vizima.

Kikipatikana kikopo kibovu, vingine hufikiwa kwa kutoa boksi la glavu, lakini cha katikati hudai dashibodi itoke. Hapo ni sawa kabisa kuziba laini ya hicho kimoja kwa kizibo cha mpira ili vingine vifanye kazi, hadi utakapokuwa tayari kwa kazi kubwa.

Kabla ya kurudi Mai Mahiu, pima breki, maana buster, kile kifaa kinachofanya pedali ya breki iwe nyepesi, nayo hutegemea vakyumu ya injini. Zima gari, kanyaga pedali mara kadhaa mpaka iwe ngumu, iendelee kukanyagwa, kisha washa. Pedali inapaswa kuzama kidogo. Isipozama, achana na AC kwanza, shughulikia breki.