Ushauri kwa Anayechekwa kwa Kutaka Corolla 110

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Morogoro aliniuliza kama anunue Corolla 110, ile Toyota ya miaka ya 1990, au akope aongezee, apate gari la juu, kwa kuwa wenzake kazini wamekwisha kumcheka. Kicheko hicho nakifahamu. Siku nilipofika ukweni na 110 yangu, shemeji yangu aliitazama namba, akaona ni B, herufi ya magari yaliyosajiliwa zamani, akaniuliza mbele ya wazee kama nimenunua gari au nimeokota. Leo lake limelala juu ya mawe likisubiri gia boksi, na watoto wake wanakwenda shule kwa langu.

Wanaocheka hawajui gari hili limetokea wapi. Tatsuo Hasegawa, mhandisi mkuu wa Corolla ya kwanza iliyoingia sokoni Novemba 1966, alikuwa akibuni ndege za kivita katika kampuni ya Tachikawa, akahamia Toyota baada ya Japani kushindwa vita na kuzuiwa kuunda ndege. Kabla ya Corolla alisimamia Publica ya mwaka 1961, gari la bei nafuu ambalo wanunuzi wengi waliliona kavu mno, na hapo akatambua kwamba hata mwenye kipato kidogo hataki kudharauliwa barabarani. Akaweka kanuni: gari lipate angalau alama 80 kati ya 100 katika kila kipengele, na katika baadhi ya vipengele lizidi hapo. Nissan Sunny ilipotoka mapema mwaka 1966 na injini ya cc 988, Corolla ilikuja na cc 1077, na Toyota wakaitangaza ziada hiyo bila haya. Injini ililazwa kidogo upande ili boneti iwe chini, na gia zikawekwa sakafuni wakati magari mengi ya familia yalikuwa nazo kwenye usukani.

Langu lina injini ya 5A-FE, cc 1498, inayotumia mkanda wa taimingi wa mpira, ule unaozungusha kamshafti, mhimili unaofungua valvu kwa wakati wake. Lilipoanza kutetemeka na kukosa nguvu kwenye milima, gereji moja iliniambia injini imekufa, ninunue nyingine ya mtumba. Hadi leo jambo hilo linaniuma, kwa sababu fundi mwingine alifungua kava la juu tu, akanionyesha mkanda uliolowa oili iliyovuja kwenye sili ya kamshafti, meno yake yakiwa na nyufa, nao umeruka jino moja. Akabadilisha sili na mkanda, gari likarudi kama zamani.

Kwa hiyo, vijana, acheni kununua gari kwa macho ya watu. Ulizeni injini kabla ya rangi. Narudia: injini kabla ya rangi, kwa maana rimu zinazong'aa hazijawahi kumfikisha mtu Dodoma, na wanaokucheka hawatakuchangia hata lita moja ya mafuta.

Wewe wa Morogoro, ukiweza kupanda hadi toleo lililotoka mwaka 2000 lenye injini ya 1NZ-FE, utapata mnyororo badala ya mkanda, ila mnyororo nao unadai oili safi. Ukibaki na 110, mwambie muuzaji akuonyeshe mkanda ulibadilishwa lini, maana hubadilishwa takriban kila kilomita 100,000. Akibabaika, kata kwenye bei gharama ya mkanda, beringi ya kukazia, sili na kazi ya fundi, kisha ulipie kinachobaki.