Bastola inakwama kwa risasi za rivolva: kosa ni la nani?

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Nina rivolva ya .44 Magnum ninayolengea shabaha kwa miaka mingi. Juzi rafiki yangu aliniazima Desert Eagle ya kaliba hiyohiyo. Nikaijaza risasi zangu za siku zote, zile za vichwa vitupu visivyo na koti la shaba, baruti ya kiasi. Ilikwama mara tatu katika magazini moja! Rivolva yangu haijawahi kunifanyia hivyo. Je, bastola ni mbovu? Na mbona bastola za kujijaza zenye kutumia risasi hizi ni chache hivi?

JIBU: Nzuri, ndugu yangu. Usimlaumu rafiki yako kwanza. Kwa maelezo yako, nazishuku risasi kabla ya kuishuku bastola.

Rivolva haiidai risasi chochote zaidi ya kutoka mtutuni. Ngoma, ile inayobeba risasi, inazungushwa na nguvu ya mkono wako, na ganda linakaa palepale mpaka ulitoe mwenyewe. Ukipunguza baruti, mlio unapungua na teke linapungua, basi. Bastola ya kujijaza ni deni mtindo mmoja: kila risasi inayotoka lazima iache nguvu ya kufungua kufuli, kutupa ganda, kukandamiza springi na kumpandisha mwenzake. Risasi yako ya kiasi haikuacha nguvu ya kutosha.

Desert Eagle ina jambo lake la pili. Bastola nyingi huendeshwa na lile teke: mtutu na slaidi (sehemu ya juu inayorudi nyuma) hurudi pamoja kidogo, kisha huachana. Hii inaendeshwa na gesi, kama bunduki ndefu. Mbele kidogo ya chemba, mahali risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa, mna kitundu. Gesi hupita humo, hufuata mfereji chini ya mtutu hadi mbele, na huko huisukuma pistoni inayorudisha slaidi, huku bolti, kipande kinachofunga chemba, ikizunguka kujifungua. Sasa kichwa kitupu kikipita juu ya kitundu hicho kwa joto na kasi, hukwanguka na kuacha madini yake humo. (Kiswahili chetu kinachanganya hapa: risasi ni madini, na risasi ni kile unachofyatua. Katika bastola hii, risasi isiwe ya risasi tupu.) Ndiyo maana hutakiwa vichwa vyenye koti la shaba.

Kuhusu uchache wake, wengi hudhani sababu ni ukali wa baruti. Ukali upo, na unalipiwa kwa uzito: bastola hii inakaribia kilo 2. Lakini kinachowaumiza kichwa wabunifu zaidi ni umbo. .357 Magnum ya mwaka 1935 na .44 ya katikati ya miaka ya 1950 ziliundwa zikae kwenye ngoma. Risasi nzima ya .44 ina urefu wa karibu milimita 41, wakati ya 9 mm Parabellum haifiki 30. Urefu huo wote lazima ulale ndani ya mpini, kwa hiyo mpini unanenepa na mkono mdogo unahangaika.

Halafu kuna ukingo. Kitako cha ganda la .44 kimetokeza nje hadi kama milimita 13. Kwenye ngoma ni faida, unaizuia risasi isizame. Kwenye magazini, ukingo wa risasi ya juu ukilala nyuma ya ule wa chini yake, unanasa inaposukumwa mbele. Ujazapo, hakikisha kila ukingo uko mbele ya ule wa chini yake.

Bastola ya Auto Mag ya mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilikwepa ukingo kabisa, ikaja na risasi yake isiyo nao, .44 AMP, iliyotengenezwa kwa kukata maganda ya bunduki. Wazo zuri, lakini mnunuzi alibaki na bastola ya kifahari na shida ya kupata risasi, na kampuni ikafilisika mwaka 1972. Magnum Research ya Marekani, pamoja na IMI ya Israeli, waliona heri wapambane na ukingo wenyewe, na Desert Eagle yao ikaanza na .357. Mtengenezaji mwingine, Coonan, naye aliurefusha muundo wa bastola ya zamani iitwayo 1911 kwa ajili ya .357 hiyohiyo, bila gesi.

Kwako wewe: mpe fundi asafishe kitundu cha gesi, maana vichwa vyako vimeshapita hapo. Kisha jaribu risasi za kiwandani za nguvu kamili, zenye koti. Kaza kifundo cha mkono, na kiganja cha pili kisiegemee kitako cha magazini, kwa sababu magazini ya bastola hii hucheza kidogo na ukiisukuma juu inavuruga ulishaji. Ikikwama tena hapo, ndipo fundi aangalie kulabu ya kuvutia ganda na springi.